Kishada kinasifiwa, uzi unasahauliwa

Mhariri,

Kila Januari magazeti yetu, lenu likiwemo, huchapisha picha ileile: anga la Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat nchini India, limetapakaa vishada, na chini yake mistari miwili kuhusu Uttarayan, sikukuu ya kurusha vishada. Picha inapendeza. Lakini kinachoamua nani ashinde, nani ashonwe hospitalini na ndege wangapi waanguke ni uzi, na uzi hauonekani pichani. Tunaomba nafasi tuueleze, hasa kwa kuwa wapo vijana wetu wanaosoma vyuo vya Gujarat, na tarehe 14 hualikwa juu ya paa bila kuambiwa lolote.

Kishada chenyewe hakina mengi. Ni karatasi nyepesi ya pembe nne, kijiti cha mwanzi kilichosimama wima katikati, na kingine chembamba kilichopindwa kama upinde. Hakina mkia mrefu kama tiara za watoto wa pwani, kwa sababu mkia ungekituliza, nacho kimeundwa kisitulie: ukivuta na kuachia uzi kinageuka kushoto, kulia, au kinashuka kama mwewe. Vingi hutengenezwa mtaa wa Jamalpur na familia za Kiislamu, wanawake wakifanya sehemu kubwa ya kazi majumbani: huyu anakata karatasi, yule anabandika mwanzi, mwingine anazungushia pindo. Kazi ya miezi mingi kwa sikukuu ya Kihindu ya siku mbili. (Siku ya pili, tarehe 15, huitwa Vasi Uttarayan. Vasi ni chakula kilicholala, kwa hiyo tafsiri yake halisi ni Uttarayan kiporo.) Vinauzwa kwa kodi, yaani ishirini ishirini. Msomaji ambaye babu yake aliuza vitambaa ataitambua hesabu hiyo: ndiyo korja yetu.

Hatamu, yaani kamba zinazounganisha kishada na uzi, unafunga mwenyewe. Matundu mawili hutobolewa pale vijiti vinapokutana, mengine mawili chini kwenye kijiti cha wima. Kamba ya juu na ya chini zikilingana, kishada kinafaa kwa upepo wa kawaida. Upepo ukiwa mkali, ya juu hufupishwa kidogo ili kishada kilale na kisivute sana. Ukikosea ukafupisha ya chini kinakuwa ngao: kinavuta mkono lakini hakipandi. Kikiegemea upande mmoja, funga kijikaratasi kwenye ncha ya upinde ya upande wa pili. Upepo wenyewe ni wa msimu uleule tunaouita kaskazi, uliokuwa ukishusha majahazi kutoka Gujarat na Kutch hadi Zanzibar.

Sasa uzi. Unaanza ukiwa mweupe, wa pamba, nyuzi sita, tisa au kumi na mbili zilizosokotwa pamoja. Wiki kadhaa kabla ya sikukuu mafundi huingia mjini, wengi wao kutoka Uttar Pradesh, hasa Bareilly, mji wenye sifa ya kazi hii. Husimika nguzo kando ya barabara na kutandaza uzi toka nguzo hii hadi ile, huku na huko, mpaka inakuwa kama kitanda cha mfumi. Kisha fundi hushika donge kiganjani: uji mzito wa mchele, kioo kilichosagwa na rangi, mara nyingi ya waridi. Hutembea akiupitisha uzi katikati ya donge, na baadaye hurudia kuulainisha ili ziada idondoke. Vidole vyake amevifunga matambara au uzi, na bado huchanika. Ukishakauka juani huzungushwa kwenye firki, yaani kigurudumu chenye mishikio miwili, na kuuzwa kwa vaar, ambayo ni wari zetu: 1,000, 2,500, au 5,000 kwa anayekusudia kushindana kutwa nzima. Uzi huu ndio manja.

Hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na mbovu. Kioo kisiposagwa kikawa laini kama unga, chembe zake huanza kuukata uzi wenyewe kabla haujagusa wa jirani. Uji ukiwa mwepesi, kioo hubaki mkononi mwa mrushaji. Ukiwa mzito mno, uzi hukakamaa na kupasuka ganda unapozungushwa. Na kosa la kawaida kuliko yote, maana wateja wamepanga foleni: kuuzungusha kabla haujakauka sawasawa. Tabaka hushikana, firki hugoma ghafla wakati wa kuachia, na kishada kinakatwa kipumbavu.

Ushindani una mitindo miwili. Anayetumia dheel huachia uzi wake uteleze juu ya wa mpinzani, hivyo anahitaji uzi laini na mshika firki asiyezubaa. Anayetumia khench huvuta kwa kasi, naye hutaka uzi wenye makali. Aliyekata hupiga kelele “kaipo chhe!”, paa zima likaitikia kwa filimbi. Wengi hubandika plasta ya dukani kwenye kidole cha shahada, na asiyebandika utamjua saa nne asubuhi kwa damu.

Mwezi Julai 2017 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku nchi nzima uzi wa kishada wa nailoni na wa aina yoyote isiyooza. Watu huuita uzi wa Kichina, ingawa mwingi hutengenezwa hukohuko India. Marufuku ilistahili. Nailoni hunyumbuka badala ya kukatika, na ukitanda shingoni mwa mwenye pikipiki hauachii. Lakini tangu hapo habari zimeandikwa kana kwamba pamba ni salama. Si salama. Pamba yenye kioo hukatika mapema na huoza mvua zikija. Bawa la ndege hulichana vilevile. Kinachookoa ndege ni saa. Hutoka viotani alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo anayerusha kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni amekwisha kupunguza madhara mengi bila kununua kitu. Serikali ya Gujarat huendesha kampeni ya Karuna Abhiyan kipindi hicho ili kukusanya na kutibu ndege waliojeruhiwa. Na hapa mji unajigonga wenyewe: katika mitaa ya kale, ile pol zenye malango, kuna chabutro, minara iliyonakshiwa ambayo wakazi huwawekea ndege nafaka. Asubuhi mtu anamwaga mtama, jioni paa la juu yake linatandaza kioo.

Ukimkuta ndege amenaswa, usivute uzi, maana kuuvuta ndiko kunakomalizia kukata msuli. Kata ncha zote mbili, mweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, usimnyweshe maji kwa nguvu, halafu waite waokoaji.

Kwa mwenye pikipiki: fungia kwenye usukani fimbo ya waya iliyopindwa kama tao, inayosimama mbele ya uso na kuuzuia uzi kabla ya shingo. Huuzwa barabarani kwa bei ndogo. Vaa skafu nzito, shusha kioo cha kofia, usimketishe mtoto mbele, na barabara za juu zipite polepole au uziache kabisa, kwa sababu huko uzi unaoanguka hutanda usawa wa koo. Kishada kilichonasa kwenye nyaya za umeme ni cha nyaya za umeme.

Jambo la paa nalo lina mabadiliko yake. Mji uliohesabiwa watu zaidi ya milioni 5.5 mwaka 2011 umetanuka sana magharibi mwa mto Sabarmati, na huko paa ni moja kwa ghorofa zima, na kamati ya jengo ndiyo inayotawala. Ndiyo maana mapaa ya mji wa kale, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2017, hukodishwa kwa wageni kwa maelfu ya rupia, pamoja na undhiyu (mchanganyiko wa mboga) na jalebi (kitamu cha sukari). Yameshikana, kuta za pembeni ni fupi, na mtu anayerudi kinyumenyume huku macho yakiwa angani hazioni. Kabla ya kurusha chochote, tembea paa zima ukitazama chini.

Ombi letu kwa chumba chenu cha habari ni dogo. Mwakani chapisheni picha ya tarehe 16 pia, ya miarobaini ya Ahmedabad iliyofungwa uzi matawini. Uzi huo huendelea kunasa ndege kwa wiki kadhaa. Anayeukusanya aukate vipande vifupi kwa mkasi kabla ya kuutupa, kwa sababu kitanzi kizima kikifika jalalani hunasa miguu ya kunguru na ng'ombe.

Warusha vishada, Ahmedabad