Gofu Jumamosi: tumebadilisha uwanja

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi hatuendi tena Wimbledon Common. Pale kila mchezaji lazima avae shati au sweta nyekundu, na wengi mmesema hamna. (Nilijitolea kuazimisha jezi zangu za Simba, watani wa Yanga wakagoma!) Tunakwenda Richmond Park, uwanja wa umma, si lazima uwe mwanachama.

1. Tukutane saa mbili na nusu asubuhi, Chohole Gate, upande wa barabara ya A3.
2. Mchango pauni 40 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku. Chenji itarudishwa.
3. Chai ya tangawizi naleta mimi. Vitumbua nani?

Nafasi ni nane tu. Tafadhali andika NIPO leo kabla ya saa nne usiku, na useme kama utakodi fimbo.