Kwa swahiba wangu, kuhusu Spider-Man wa miaka ya sabini

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai hujambo na wote ulio nao hawajambo. Mimi ni mzima, ila silali mapema siku hizi, na sababu ni zile katuni za zamani za Spider-Man ulizonishikia bango nizisome. Nimezama.

Sisi kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker (ndiye Spider-Man mwenyewe), tulikijua kabla hata ya kumjua Gwen mwenyewe. Ndiyo maana sikutaka kurukia toleo la 121, la Juni 1973. Nilianza nyuma, kwenye matoleo ya 96 hadi 98 ya mwaka 1971, ambamo mwandishi Stan Lee aligusia dawa za kulevya baada ya serikali ya Marekani kumwomba. Wasimamizi wa kanuni za katuni, zilizokuwapo tangu 1954, waligoma kuyaidhinisha, yakatoka bila muhuri wao. Mwaka uleule kanuni zikalegezwa. Anayeathirika humo ni Harry Osborn, rafiki anayeishi na Peter, na ukishamwona alivyo hoi, basi ukimkuta tena kitandani katika toleo la 121 unaelewa ni mzigo gani unaomrudisha baba yake, Norman Osborn, kwenye wazimu wa kuwa Green Goblin. Bila kusoma yale ya nyuma, Goblin angekuwa adui tu.

Sasa lile toleo lenyewe. Mwandishi ni Gerry Conway, mchoraji Gil Kane, na jina la hadithi wamelificha mpaka ukurasa wa mwisho. Goblin anamwangusha Gwen kutoka darajani, utando wa Peter unamnasa miguu, na karibu na shingo yake kumeandikwa sauti moja ndogo ya kitu kinachovunjika. Ndogo mno, unaweza kuipita. Peter anamvuta juu huku akijisifu kwamba amemwokoa! Nilijua kitakachotokea, lakini yale majigambo yake yaliniumiza kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kwa miezi na miezi nimemsoma akijitapa vilevile na mambo yakimwendea sawa.

Halafu kuna mwisho wa toleo la 122, ambao sijui kwa nini watu hawausemi sana. Mary Jane, rafiki yao, binti wa starehe asiyejali lolote, anamkuta Peter peke yake. Peter anamfokea, anamwambia aondoke. Anafika mlangoni, machozi yanamlengalenga, anasita, kisha anaufunga mlango akiwa bado ndani. Hakuna maneno, ni mlio wa kitasa tu. Kwangu mimi, Mary Jane tunayemfahamu alizaliwa pale.

Kuna mambo ya kuzoea, sikufichi. Viputo vya mawazo vimejaa kila mahali, Peter anawaza kwa sauti hata akiwa katikati ya ngumi. Mwanzoni vilinichosha. Sasa navipenda, maana msomaji wa wakati ule alisubiri mwezi mzima kupata kurasa ishirini hivi, na alistahili kuingia kichwani mwa huyu kijana, siyo kumtazama tu akiruka majengo. Nakusihi usiyameze yote kwa mkupuo. Soma toleo moja, weka chini, lala nalo.

Ukiweza kupata nakala zenye kurasa za barua za wasomaji, usiziache. Mikusanyo mingi ya leo imeziondoa, na ni hasara kubwa: pale ndipo unapowasikia watu wa enzi hiyo wakikasirika, wakisifu, wakidai Gwen arudishwe.

Nikimaliza haya nataka kuingia X-Men ya 1975, katuni ya kundi la mashujaa, ile ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, shujaa Ororo (Storm) anapotokea kwa mara ya kwanza. Nasikia hamu ya kuisoma na mtu. Tuianze pamoja? Nijibu upesi, na uniambie pia kama wewe ulimwonea Norman Osborn huruma, maana mimi nilimwonea, na bado nabishana na nafsi yangu.

Wako daima.