Nina miaka 43, PSA yangu karatasi inasema kawaida, dokta mwingine anasema nizidishe mara mbili. Nimsikilize nani?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Dokta naomba uisome barua hii mpaka chini maana ina kona nyingi, na wanaume mliowahi kupitia kipimo cha tezi dume mkiwa bado vijana vijana naomba mnisaidie kwa mliyoyaona. Wale wa mitishamba naombeni mkae pembeni kwanza, nishaletewa chupa za kutosha.

Mimi nina miaka 43, presha sina, sukari sina, mkojo unatoka vizuri tu na usiku siamki. Kilichonipeleka maabara ni kaka yangu mkubwa, ana miaka 56, mwaka jana wamemkuta na saratani ya tezi dume na sasa yuko kwenye matibabu, anaendelea vizuri tunashukuru. Dokta wake ndo aliyetuambia sisi wadogo zake tukapime damu kuangalia PSA, ile protini inayotengenezwa na tezi dume, kwamba ukiwa na baba au kaka mwenye ugonjwa huu hatari yako inakuwa kama mara mbili ya yule ambaye kwao hamna, na watu wa hivyo pamoja na wanaume wenye asili ya Afrika wanashauriwa waanze kuongea na daktari kuhusu kupima kwenye miaka 40 mpaka 45, wasisubiri wazeeke kwanza.

Basi nikaenda. Majibu yakatoka PSA 1.9, pembeni wameandika 0.0 – 4.0, hakuna nyota wala kialama chochote, dokta wa pale akaangalia kwa sekunde mbili akasema uko safi kijana wangu, rudi mwakani. Mimi huyo nikaenda zangu kwa raha.

Kaka nikamtumia picha ya karatasi, naye akaipeleka kwa dokta wake, hapo ndo shida ilipoanzia. Yule dokta akanipigia mwenyewe na kunielezea kwamba ile 4.0 ni mstari wa zamani ambao maabara nyingi wanaubandika kwa kila mwanaume, awe na miaka 35 awe na 75, wakati tezi inakua na umri na PSA inapanda nayo. Kuna viwango vya umri ambavyo madaktari wengi wanavitumia, miaka 40 mpaka 49 mwisho 2.5, hamsini na kitu mwisho 3.5, sitini na kitu 4.5, sabini na kitu 6.5. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba ukiwachukua wanaume wa miaka arobaini na kitu ukawapanga mstari, yule wa katikati kabisa PSA yake ni kama 0.7 hivi. Kwa hiyo 1.9 yangu haijavuka 2.5 lakini iko juu ya wenzangu wengi wa rika langu, na namba ya umri huu inasaidia kukisia nani wa kufuatiliwa kwa karibu miaka inayokuja. Haimaanishi nina saratani, hilo alilirudia mara kadhaa mpaka nikaanza kuogopa kwa nini analirudia.

Sasa linakuja la nywele. Akaniuliza kuna dawa yoyote unameza? Nikasema hapana. Akasema hata ya nywele? Nikanyamaza kidogo, maana ni kweli zaidi ya mwaka sasa nameza finasteraidi miligramu 1 kila siku kwa ajili ya upara, kwetu upara unaanza mapema na mimi sikutaka. Pale maabara fomu iliuliza umri na jinsia tu, na yule dokta wa kwanza hakugusia dawa kabisa. Na mimi dawa ya nywele nilikuwa naihesabu kama mafuta ya kujipaka, sio dawa dawa.

Kumbe ni dawa ileile wanayopewa wazee wenye tezi iliyovimba, wao wanameza miligramu 5, na hata hicho kidonge kidogo cha nywele kinashusha PSA karibu nusu baada ya miezi kadhaa. Inashusha namba, haimaanishi kwamba kama kuna kitu kibaya nacho kimeondoka. Ndo maana mtu anayeimeza muda mrefu madaktari wanachukua majibu wanazidisha mara mbili ndipo wayasome. Yangu ikawa 3.8. Yaani karatasi ni moja, namba ni moja, asubuhi niko safi jioni niko juu ya mstari wa umri wangu.

Tukakubaliana nirudie kabla ya jambo lolote, maana namba moja peke yake haitoshi kumpeleka mtu kwenye kukatwa vinyama vya tezi vikapimwe. Akanipa masharti, nisimwage kwa siku mbili kabla (mke wangu alicheka sana), niache kwanza baiskeli maana naendesha kila siku na kile kiti kinabana palepale, na wapime mkojo kuhakikisha hakuna UTI, kwa sababu maambukizi ya mkojo au ya tezi yanaweza kuirusha PSA juu sana na ikachukua wiki kadhaa kutulia hata ukishapona. Mkojo ukatoka safi. Kipimo cha kidole nacho akanifanyia, tezi ndogo, laini, hakuna uvimbe mgumu, na wanaume wenzangu niwaambie tu ni nusu dakika, mnakikuza bure.

Damu nikaenda kupima maabara nyingine kwa sababu ile ya kwanza mashine ilikuwa mbovu wiki hiyo. Majibu 2.3. Nayo wameandika kawaida.

Hapa sasa ndo madaktari wangu wawili wanapopishana na mimi niko katikati. Yule wa kwanza nilimrudia na habari yote pamoja na ya nywele, anasema kutoka 1.9 kwenda 2.3 ni kitu kidogo, PSA yenyewe inacheza siku hadi siku, na maabara mbili zenye mashine tofauti zinaweza kutofautiana kwa kiasi hicho bila chochote kubadilika mwilini, kwa hiyo nisubiri miezi sita nirudie maabara ileile moja. Dokta wa kaka anasema mtu aliye kwenye finasteraidi PSA yake inatakiwa ishuke halafu itulie hukohuko chini, ikianza kupanda hata kama bado iko chini ya 4 haipuuzwi, na ukiizidisha hii ni 4.6 kwa mtu wa miaka 43 ambaye kaka yake anaumwa, yeye anataka nifanye MRI ya tezi, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, sasa hivi.

Walinipima pia ile PSA huru, ambayo wanaangalia ni asilimia ngapi ya PSA yote inaelea bila kushikana na protini nyingine kwenye damu. Yangu 14. Ninavyoelewa ikiwa chini ya 10 wasiwasi unakuwa mkubwa, ikizidi 25 unapungua, mimi niko palepale katikati pasiposema kitu. Na kipimo hicho kinatumika zaidi kwa watu ambao PSA yao ni kati ya 4 na 10. Sasa dokta mimi nihesabiwe wa 2.3 ambaye kipimo hiki hakimhusu sana, au wa 4.6 ambaye kinamhusu? Nimeambiwa hiyo asilimia yenyewe haibadilishwi na dawa ya nywele kwa sababu zote mbili zinashuka pamoja, lakini hilo halijanijibu swali.

MRI yenyewe siiogopi. Wanatoa alama 1 mpaka 5, 1 na 2 mara nyingi wanakuacha, 4 na 5 wanakwenda kuchukua vinyama, 3 ndo ya kujadiliana, na hata ikiwa safi haikupi uhakika wote. Ninachokiogopa ni kinachofuata. Nimemuona kaka baada ya kuchukuliwa vinyama, damu kwenye mkojo siku kadhaa, halafu wasiwasi wa maambukizi. Na hata wakikuta kitu, saratani nyingi za tezi ni zile za polepole ambazo siku hizi hawazikimbilii kukata, wanakuweka kwenye uangalizi, damu kila baada ya muda, MRI, vinyama tena. Kwa mzee wa 75 sawa, lakini mimi wa 43 si nitakaa kwenye uangalizi miaka thelathini? Hapo ndo najiuliza hivi nilitaka kujua kweli. Halafu namkumbuka kaka, yeye yake haikuwa ya polepole, na kama angepima kwenye umri wangu labda ingekuwa habari nyingine, nawaza vyote viwili kwa wakati mmoja na usingizi unakata.

Mke wangu ana la kwake, anasema acha kwanza hiyo dawa ya nywele, subiri PSA irudi kwenye kiwango chake halisi, upime maabara moja, hapo hakuna wa kuzidisha wala kugawanya. Naona ana hoja. Ila nimeambiwa inachukua miezi kurudi, na ikirudi juu, mimi na madaktari tutajuaje imepanda kwa sababu dawa imetoka au kwa sababu kuna jambo?

Kwa hiyo dokta naomba unijibu hilo kwanza, niache dawa ndipo nipime, au niendelee nayo ili namba zifananishwe na zile mbili nilizonazo? Na je kwa hali yangu kusubiri miezi sita kuna hatari, au MRI iende sasa? Wasomaji mliowahi kupima mkiwa kwenye dawa za nywele, madaktari wenu walizidisha au mlijikuta mnawaambia nyie? Mdogo wetu wa mwisho ana 38 hataki hata kusikia habari hii, naye anameza vidonge hivyohivyo vya nywele, mimi ndo nilimpa jina la dawa. Kama kuna aliyefanikiwa kumshawishi mdogo wake bila kugombana aniambie alianzaje.

Miadi yangu na dokta wa kaka ni mwezi ujao, ningependa niwe na majibu yenu kabla sijaingia mle ndani.

Msomaji, miaka 43