Mwacheni Matoma akue kabla ya kuitwa nyota

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu habari mliyoichapa juu ya David Matoma, kijana wa Uganda anayerusha mpira katika timu za chini za klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates. Niliifurahia, kwa kuwa ni nadra gazeti la Kiswahili kuandika habari za besiboli, na nadra zaidi kuandika habari za ligi zake ndogo. Hata hivyo kichwa cha habari kilimwita “nyota wa Pirates”, na aliyeisoma habari yenyewe hadi mwisho angeweza kuamini kwamba kijana huyo tayari anacheza Pittsburgh na kulipwa mamilioni. Mambo hayako hivyo, na kosa hilo linamwumiza yeye kuliko linavyotuumiza sisi wasomaji.

Matoma alisaini mkataba na Pirates mwaka 2023, na kusaini huko ni kuingia shuleni. Kila klabu ya ligi kuu ya Marekani ina timu zake za kukuzia wachezaji, ambazo Wamarekani wenyewe huziita shamba, utaratibu uliojengwa na Branch Rickey katika miaka ya 1920 alipokuwa akiiongoza St. Louis Cardinals. Kwa Pirates, kijana anayetoka nje kwa kawaida huanzia Jamhuri ya Dominika, akapelekwa Florida kwenye ligi ya mafunzo, kisha akapanda ngazi moja moja: Bradenton, Greensboro, Altoona, Indianapolis, na mwisho Pittsburgh kwenyewe. Kila ngazi ina wapigaji, yaani wanaoukabili mpira kwa gongo, walio hodari kuliko wale aliowaacha chini, na mrushaji aliyewatisha wapigaji wa Bradenton kwa kasi ya mkono wake peke yake hufika Altoona akagundua kwamba kasi haimfikishi mbali ikiwa hana mpira unaopinda kwa hila na hawezi kuutuliza pale hasa mdakaji, mwenzake anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alipoweka glavu. Wengi huishia njiani, wala si kwa uvivu.

Ninaishi Greensboro, katika jimbo la North Carolina, mji ambao Kiswahili cha Wakongo na Warundi husikika madukani na makanisani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikata tiketi kuwatazama Grasshoppers, timu ya Pirates iliyo hapa kwetu. Mwaka 2025 tulimwona Konnor Griffin akiwa na miaka 19. Pirates walikuwa wamemchagua mwaka mmoja kabla, wa tisa katika uteuzi wa wachezaji wapya, na kumpa zaidi ya dola milioni 6 za kusaini. Katika msimu ule mmoja alipita Bradenton, akapita hapa, akamalizia Altoona, akiwa amepiga mipira 21 ya kuzunguka vituo vyote vinne vya uwanja kwa pigo moja, na kuiba vituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, mara 65. Alipokuwa akitoka kituo cha kwanza, watu waliacha kutafuna karanga zao wakasimama. Kumtazama ni raha ambayo sitaisahau, lakini ndiye wa kipekee, na mwandishi anayemchukua Griffin kuwa kipimo cha chipukizi wote atawadhulumu karibu wote waliobaki.

Wapo hata waliosifiwa kuliko wote ambao njia yao ilikuwa ndefu na chungu. Mark Appel, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichaguliwa na Pirates hao hao mwaka 2012 akakataa kusaini, na mwaka uliofuata Houston Astros wakamchagua wa kwanza kabisa nchini. Akaumia, akauzwa kwa klabu nyingine, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi, na akaukanyaga uwanja wa ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2022 akiwa na Philadelphia Phillies na umri wa miaka 30. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza katika orodha. Tutarajie nini, basi, kwa kijana aliyekulia Uganda, ambako viwanja vya besiboli vinahesabika, na ambaye kila mpigaji anayekutana naye amecheza mchezo huu tangu akiwa na miaka mitano?

Habari yenu ilimwita pia “Mwafrika wa kwanza wa Pirates”, na hapo ndipo niliposikitika zaidi, kwa sababu wa kwanza yupo na anastahili kutajwa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alilelewa katika jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alifanya kazi. Pirates walimsaini mwaka 2008 akiwa na miaka 18. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanjani Pittsburgh dhidi ya Chicago Cubs, akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga vizuri mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, akafika kituo cha kwanza. Kati ya sahihi ile na mpira ule ilipita zaidi ya miaka minane, ambayo karibu yote aliitumia katika mabasi na viwanja vya ngazi za chini, na mechi zake za ligi kuu hazikufika 50. Mimi huyo namwita mshindi. Kwa kipimo cha kichwa chenu cha habari, angeonekana amefeli.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ya fedha. Hadi miaka michache iliyopita mchezaji wa ligi ndogo aliweza kucheza msimu mzima bila kufikisha dola 15,000, na wengi walilala wanne au watano katika nyumba moja. Septemba 2022 chama cha wachezaji wa ligi kuu kiliwapokea, na mkataba wa kwanza wa mwaka 2023 ukaweka kima cha chini cha dola 26,200 kwa mwaka katika ngazi ya Bradenton na 35,800 katika ngazi ya Indianapolis. Ni nafuu kubwa, lakini ni mshahara wa kujikimu tu kwa gharama za huku, na vijana wanaocheza Jamhuri ya Dominika hawakuhusishwa katika mkataba huo. Sisi tunaoishi ughaibuni tunajua kinachofuata gazeti la nyumbani linapoandika kwamba mtoto wa fulani ni nyota Marekani. Simu huanza kulia usiku. Kuna karo ya binamu, kuna bati la nyumba ya shangazi, kuna mgonjwa, na kijana anayekula kwa kubana matumizi hana namna ya kumweleza mjomba wake kwamba gazeti limekosea, kwa kuwa jibu hilo husikika kama uchoyo.

Uganda imefanya kazi kubwa katika mchezo huu na inastahili waandishi makini. Mwaka 2011 watoto wake walifuzu kucheza mashindano ya dunia ya vijana huko Williamsport, Pennsylvania, wakakosa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Ben Serunkuma na Umar Male. Kuna mfululizo wa habari hapo wa kuandikwa kwa miaka, si wa siku moja.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba msahihishe habari ile, mtaje ngazi anayochezea Matoma kwa sasa, na mumrejeshee Ngoepe nafasi yake. Baada ya hapo mtuandikie walau mara moja kwa mwezi katika msimu, kuanzia Aprili hadi Septemba: amerusha katika mechi ngapi, amewatoa wapigaji wangapi, amewapa wangapi kituo cha bure kwa kukosa shabaha. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitazama mimi kwa kila mrushaji kijana anayepita hapa Greensboro, na ikishuka mwezi hadi mwezi nitakuwa wa kwanza kuwaandikia tena.

Wenu,
Msomaji wa Greensboro, North Carolina