Barua ya wazi kwa Meya wa Manti, Utah

Mheshimiwa Meya,

YAH: HISTORIA YA MJI IANZE NA MWENYEJI

Salamu kutoka Salt Lake. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tunaokizungumza huku Utah si haba, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, na mji wako tunaupenda. Ukikosa mkalimani, sisi tupo mwendo wa kama saa mbili kwa gari.

Nianze na sifa, maana mnastahili. Mtu akija kwa barabara kuu ya 89 hulitambua hekalu la Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kabla hajaona nyumba hata moja. Limekaa juu ya kilima, na mawe yake ya chokaa, yenye rangi kama ya malai, yalichongwa papo hapo kilimani. Kazi ilianza 1877, likawekwa wakfu 1888. Fundi aliyelichora, William Folsom, aliweka ndani yake ngazi mbili za kuzunguka zinazopanda ghorofa hadi ghorofa bila nguzo ya katikati. Ukisimama chini ukatazama juu unaona uwazi mtupu. Na mwaka 2021 Kanisa hilo lilipotangaza kwamba michoro ya ukutani ya Minerva Teichert, ya mwaka 1947, ingeondolewa, watu walipiga kelele mpaka uamuzi ukageuzwa. Kumbe mji mdogo nao unajua kutetea kumbukumbu zake.

Kelele hizo ndizo nazitaka kwa jambo jingine.

Hadithi tunayosimuliwa wageni huanza Novemba 1849: Isaac Morley na Wamormoni zaidi ya 200 wanafika, theluji inawafunika, wanachimba mashimo ubavuni mwa kilima na kulala humo. Zaidi ya nusu ya ng'ombe wao wanakufa kabla baridi haijaisha. Jua linaporudi, nyoka wenye njuga mkiani wanamiminika kutoka kwenye mawe, na inasemekana hakuna hata mtu mmoja aliyeumwa. Watoto wangu kwenye nyoka hapo ndipo wanapochangamka. Siwalaumu.

Lakini, Mheshimiwa, nani aliwaita watu hao bondeni? Ni Wakara, kiongozi wa Waute, wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyekwenda kwa Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, mwaka huohuo wa 1849 akaomba watu wa kuja kuishi Sanpete, bonde hili la Manti, na kuwafundisha watu wake kilimo. Mwaka uliofuata akabatizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema kwetu. Hapa mwenyeji hakupona. Surua iliingia majira yaleyale ya baridi ikaua wengi miongoni mwa San Pitch, tawi la Waute, wenye bonde. Mifugo ya wageni ikala majani na mbegu walizokuwa wakizitegemea, wanyama wa kuwinda wakapungua. Mwaka 1853 vita vya kwanza vikazuka.

Halafu 9 Aprili 1865. Siku hiyohiyo Jenerali Lee alikuwa akisalimu amri huko Virginia, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea ukingoni. Mjini Manti vita vingine vilikuwa vinaanza. Waute wenye njaa walikuwa wamechinja ng'ombe wa walowezi, wakaja kuzungumza. Mlowezi mmoja, John Lowry, akamkamata kijana wa ukoo wa machifu, Jake Arapeen, akamwangusha kutoka juu ya farasi mbele za watu. Mwenye kujua heshima ni nini haulizi kwa nini kiongozi Antonga, aliyeitwa Black Hawk, alianza kushambulia siku iliyofuata. Mapigano na uporaji wa mifugo viliendelea hadi 1872, na Waute wakasukumwa kwenda Uintah, kwenye ardhi waliyotengewa na serikali.

Ombi langu ni hili. Matembezi ya wageni na vipeperushi vya mji vianze na mwaliko wa Wakara, magari ya kukokotwa yafuate. Ugomvi wa 1865 usimuliwe barabarani kwa herufi kubwa sawa na zile za hekalu, njaa ikitajwa kuwa njaa, si "uchokozi". Na maneno yenyewe msiwaandikie Waute, waandike wao. Wapo, hawajatoweka. Makao ya kabila lao yako Fort Duchesne, upande wa kaskazini-mashariki, ng'ambo ya milima. Usitume barua kama hii yangu. Panda gari uende mwenyewe, na usiende mikono mitupu.

Wako katika ujirani,
Mkazi wa Bonde la Salt Lake