Siku 15 za upweke gerezani zihesabiwe na watu wa nje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie adhabu ambayo hatuijadili sana, labda kwa sababu haimwachi mtu na kovu la kuonyesha mahakamani. Ni ile ya kumfungia mfungwa peke yake katika seli kwa saa 22 au zaidi kila siku, bila mtu wa kuzungumza naye la maana, kwa wiki, kwa miezi, na katika nchi nyingine kwa miaka.

Walioianzisha hawakuwa na nia mbaya. Gereza lililofunguliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1829, lilijengwa kwa imani kwamba mkosaji akiachwa kimya na nafsi yake atatubu. Kufikia mwaka 1890, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeshaandika katika hukumu yake kwamba wafungwa wengi wa namna hiyo walizubaa hata baada ya muda mfupi, wengine wakashikwa na wazimu mkali, wengine wakajiua, na waliostahimili hawakurudiwa na akili ya kutosha kuifaa jamii. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 130 iliyopita, na sioni vipi mtu leo atasema hakujua.

Madaktari wa akili wamekuja kueleza kwa undani zaidi. Dakta Stuart Grassian, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1983, alikuta wafungwa ambao sauti ndogo tu ya bomba la maji iliwakera wasiweze kuvumilia, ambao waliona maruweruwe, wakasahau mambo, wakashikwa na hofu ya ghafla na kushuku kila aliyewakaribia. Utafiti uliofanywa katika magereza ya jiji la New York na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliowahi kutengwa walikuwa kiasi cha asilimia 7 tu ya mahabusu wote, lakini zaidi ya nusu ya visa vya watu kujidhuru vilitoka kwao. Katika jiji hilohilo kijana Kalief Browder alikamatwa mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 16, akidaiwa kuiba mkoba. Alikaa rumande miaka mitatu, karibu miwili kati yake akiwa peke yake, kesi ikafutwa bila ya kusikilizwa, na mwaka 2015 akajinyonga nyumbani kwao. Hakupatikana na hatia yoyote.

Wala tusidhani haya ni ya ughaibuni tu. Mshairi wetu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa mwaka 1969 kwa waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya, na katika miaka yake mitatu ya kifungo alitengwa na wafungwa wenzake. Aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Sisi tunayasifu mashairi hayo, na ni haki yake, lakini si kila mfungwa ana kipaji cha kujishikiza nacho, na wasio nacho hatuwasikii.

Mtaani kwetu yupo mmoja wao. Sitataja jina lake wala gereza alilotoka. Amerudi kwao akiwa na afya ya mwili, ila mlango wa chumba chake hauruhusu ufungwe, hata kusi inapovuma na mvua ikaingia hadi kitandani. Miezi ya mwanzo alikuwa akifika mlangoni husimama hapo mpaka aambiwe apite. Barazani hunywa kahawa yake upesi, akiwa ameegemea ukuta, na watu wakizidi watatu huondoka. Mamake huniuliza mimi, kwa kuwa nilimsomesha, kama kuna dawa. Namwambia ampeleke kwa mtaalamu wa akili, nami najua kwamba kwa wengi wetu visiwani huduma hiyo iko mbali.

Zamani Ngome ya Lamu ilikuwa jela, tangu mwaka 1910 hadi 1984, nayo imesimama katikati ya mji, ubavuni mwa soko. Sisemi jela ile ilikuwa njema. Lakini mfungwa aliweza kusikia watu wakiuza na kununua, na jamaa zake hawakuwa mbali. Leo mtu wetu mwenye kifungo kirefu huenda akapelekwa mahali ambapo kumtembelea ni mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi kutwa nzima, kwa nauli ambayo mama mjane hana. Mtu wa namna hiyo akitengwa, hata ile sauti moja ya nyumbani huikosa.

Najua jibu la wakuu wa magereza: wapo wafungwa hatari. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuambiwa, kwani Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Mtu hatari na azuiwe asiwadhuru wenzake. Lakini hilo halimzuii kupewa kitabu, mwangaza, shehe au kasisi wa kumtembelea, na dakika za kuzungumza na nduguye, na sijaona usalama gani unaopatikana kwa kumnyima hayo ilhali wengi wao siku moja watatoka.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinakataza upweke wa zaidi ya siku 15 mfululizo, na zinataka mhudumu wa afya amwone aliyetengwa kila siku. Katiba yetu, Kifungu cha 29, inakataza mateso ya mwili na ya akili pia. Ninachokiomba kwa Bunge na kwa Idara ya Magereza ni kwamba kikomo hicho kihesabiwe kwa kila aina ya kutengwa, iwe imeitwa adhabu au imeitwa usalama, na kwamba mfungwa asitolewe siku moja kisha akarudishwa ili hesabu ianze upya. Daftari la siku hizo likaguliwe na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, bila ya kubisha hodi mapema. Na kila aliyepitia seli hizo, siku ya kutoka, akabidhiwe barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa akili katika kaunti yake, na kaunti imlipie nauli.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu