Kabla hujaiuza kwa kilo

Nyegezi, Mwanza

Swahiba,

Hapa hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na dagaa wanapanda bei na kushuka kama kawaida yao. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu ya lile neno ulilolitoa juzi, kwamba jamaa wa vyuma chakavu kafika hapo Sengerema na mizani yake nawe umeanza kuitazama ile pikipiki yako ya Honda kwa jicho la kilo. Kwenye simu ungenikatiza.

Yangu unaijua. Ni CG125 kama yako, ya platini, yaani vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi ipige cheche, ya volti 6, niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu kule Magu. Honda walianza kuzitoa mwaka 1976, wakaziwekea pushirodi, vijiti vya kusukuma valvu, badala ya cheni ya kamshafti, zivumilie watu kama sisi tunaokumbuka kumwaga oili siku imeshageuka lami. Injini haina neno hata leo. Kilichonitesa ni moto wa plagi. Fikiria saa kumi na moja alfajiri, mvua ya ziwa imepiga usiku kucha, nakanyaga kiki mpaka shati linalowa, na kule mwaloni Kirumba wenzangu wameshachagua dagaa weupe. Mimi nafika kuokota wenye mchanga.

Nafungua platini, nakuta upande mmoja kashimo, upande wa pili kichuguu. Napiga msasa, narudisha nafasi ya milimita 0.35, natembea wiki mbili, halafu yale yale. Hiyo ni dalili ya kondensa kuchoka, kile kikopo kinachozuia platini zisiungue. Nikanunua mpya, ikadumu siku tisa. Ya pili haikufika hata Mkuyuni.

Basi nikaamua kuachana na platini kabisa, nifunge CDI, kiboksi cha elektroniki kinachopiga cheche badala yake. Kilichonipa moyo ni bodaboda za Kichina. Nyingi ukizifungua injini utaikuta ni CG hii hii waliyoinakili, kwa hiyo magineti (lile gurudumu la sumaku linalozunguka na krenki kutoa umeme), koili na CDI zake zimejaa kila duka la spea hapa mjini. Nikaenda kwa kijana mmoja Igoma, fundi asiyesema sana. Aliniuliza swali moja tu: “Mzee, una haraka?” Nikasema sina. Akasema, “Basi iache.”

Sasa hapa nisikilize, maana ndipo pesa inapopotea. Magineti ya kwanza niliyomletea ilionekana sawa kabisa kwa macho. Kijana hakuikubali. Akawasha koroboi, akaifunika kwa bati mpaka bati likashika masizi, akachukua masizi kwa kidole na kuyapaka kwenye ncha ya krenki, ile sehemu iliyochongoka kama mche wa sabuni ulioliwa upande. Akaisukuma magineti kwa mkono, akaizungusha kidogo, akaitoa. Akaniita nitazame kwa ndani: masizi yalishika mdomoni tu, kama pete, kwingine kote kunang'aa. Maana yake mchongoko wa huku si mchongoko wa kule, na ningeikaza na nati ingeshikilia kwa muda tu, halafu siku moja barabarani inakata kile kichuma kidogo kinachoishika magineti isiteleze na kula krenki. Ya pili ikashika masizi sawasawa kuanzia mdomoni hadi chini. Hiyo ndiyo tuliyofunga. Mimi niliyekaa mjini hapa miaka yote hii nikipita mtaa wa Makoroboi kila wiki, sikuwahi kujua kwamba koroboi ni chombo cha kupimia.

Jambo la pili lilikuwa pikapu, kile kidude kinachokaa nje ya magineti na kuambia CDI kwamba sasa ni wakati wa kupiga. Kasha la injini yangu halikuwa na mahali pa kuifungia. Kijana akakata kipande cha bati nene, akatoboa matundu marefu badala ya ya duara ili aweze kukisogeza mbele na nyuma, akakifunga. Nafasi kati ya pikapu na kile kinundu cha magineti aliipima kwa kadi yangu ya benki: ipite kwa kubana. Kwa mara ya kwanza kadi ile ikafanya kazi bila makato.

CDI yenyewe haina maajabu ukishaielewa. Kuna koili ndani ya magineti inayotoa umeme mkali, volti zaidi ya 200, unaojaza kapasita iliyomo ndani ya kile kiboksi. Kinundu kikipita kwenye pikapu, kapasita inajimwaga yote kwa mpigo kwenye koili ya plagi, na cheche inatoka. Hakuna kinachogusana wala kuungua. Aina hii tuliyofunga haihitaji hata betri ili iwake. Angalia tu usije ukauziwa ile inayotegemea betri, kwa sura ni kama mapacha.

Kosa langu sasa, na usicheke. Kijana alikuwa ameniachia nimalizie kuunganisha waya nyumbani, kwa kuwa nilijigamba kwamba nimesoma ufundi. Waya zinafuata rangi za Honda. Kijani ni ya bodi, yaani chuma cha pikipiki ambamo umeme unarudi, nyeusi yenye mstari mwekundu inatoka koili ya kuchaji, bluu inatoka pikapu, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda koili ya plagi. Ikabaki nyeusi yenye mstari mweupe. Nikajiambia, hii ni ya ufunguo. Kweli ni ya ufunguo. Kwenye wairingi ya zamani, ile iliyokwisha kuchakachuliwa na mafundi watatu kabla yangu, ufunguo ulikuwa unapeleka umeme wa betri kwenye koili. Nami nikaupeleka vilevile, volti 12 za betri mpya, moja kwa moja kwenye ile nyeusi na nyeupe. CDI ikafa palepale. Haikutoa moshi wala kelele, ila nilipiga kiki mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Kumbe ule waya ni wa kuzima. Ukiugusisha bodi, injini inazimika, ukiuacha hewani, injini inawaka. Yaani ufunguo uliozoea kuleta umeme sasa kazi yake ni kuachia njia, na ukiuzima ndipo unapounganisha kitu. Mambo yamegeuka juu chini. Nililala nikiwaza hilo, na asubuhi nikanunua CDI nyingine kwa shilingi 12,000 na swichi ya ufunguo ya bodaboda, ambayo ina waya nne badala ya mbili zangu za zamani. Ukifika hapo, usiunganishe chochote kwenye waya ule mpaka injini imewaka ikiwa haina ufunguo kabisa. Ikishawaka ndipo uugusishe bodi uone inazima.

Taa ni hadithi fupi. Magineti mpya inatoa volti 12, kwa hiyo balbu zote, honi na betri vinabadilika, na unafunga regyuleta, ya kuzuia umeme usizidi. Nilibadilisha zote isipokuwa ya nyuma, nikaisahau. Iliwaka kama radi mara moja, ikaisha.

Bodi nayo usiipuuze. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna unyevu unaoingia kila mahali, na wewe hapo Sengerema si salama. Rangi na kutu kwenye fremu vinazuia umeme usirudi. Mimi nilikwangua mpaka chuma cheupe, nikafunga waya mnene kutoka injini hadi fremu, nikapaka grisi juu yake. Maungio yote nililehemu kwa risasi. Kusokota na kufunga tepu ndiko kulikotufikisha hapa.

Mwisho kijana akaja na taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi inapopiga, akaimulika magineti huku injini inanguruma taratibu. Alama ya F, ya kuonyesha wakati wa cheche, ilikuwa imechelewa kidogo. Akalegeza kile kibati, akakisogeza upana wa ukucha, akakaza. F ikasimama mbele ya alama ya kwenye kasha kama imegandishwa. Plagi ni ile ile D8EA, nafasi milimita 0.7.

Tangu hapo ni kiki moja, ya pili kama kuna baridi. Alhamisi iliyopita mvua ilikesha, nikatoka Nyegezi giza bado, nikapata dagaa wa kwanza kabisa, wale wa kung'aa kama sindano.

Kwa hiyo yule jamaa wa mizani mwambie asubiri. Fungua kava la kushoto, upige picha magineti na ile ncha ya krenki kama utaweza kuivuta, unitumie. Usiigonge kwa nyundo! Ukikosa kifaa cha kuivutia, niambie, nitakuja nacho. Daraja la Kigongo na Busisi lipo, huna tena kisingizio cha kusubiri kivuko, wala mimi sina. Jumamosi ijayo nikijaliwa nitalivuka na Honda yangu hapo juu, nione kama upepo wa ziwa utaizima. Niwekee michembe na maziwa ya mgando, na waondoe hao kuku wanaotagia kwenye tangi.

Ni mimi,
jirani yako wa zamani wa Mkuyuni